Mwaka Tuliompeleka Waziri Buhongwa

Kabula alifika kwangu Kiseke mwezi uliopita, jicho moja limezibwa kwa bandeji baada ya kutolewa mtoto wa jicho, na kabla hata hajakaa akachungulia jikoni na kuuliza, "Humu hamna ng'ombe?" Nilicheka mpaka binti yangu akatoka chumbani kuangalia kuna nini. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, sisi tuliowahi kulala kitanda kimoja na kugombania shuka moja, na sasa ni bibi wawili wenye dawa za presha kwenye pochi. Nilimpikia ndizi na maharage. Akala huku analalamika kwamba Wahaya tunapika ndizi utadhani Mungu hakuumba chakula kingine, nami nikamjibu kwamba mtu aliyekulia michembe hana ruhusa ya kusema neno mezani. Binti yangu akataka kujua huyo ng'ombe ni ng'ombe gani. Tukaanza kumweleza wote wawili kwa pamoja, tukikatizana, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, na nikaona kwamba Kabula ana Waziri wake na mimi nina wangu. Huyu ninayemwandika hapa ni wangu, na yeye akitaka aandike wa kwake.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, naishi kwa shangazi yangu hapahapa Kiseke, wakati huo ikiwa mashamba na mawe na nyumba chache zilizotawanyika. Nilivyofika kwake ni habari ndefu, naiacha. Shangazi alikuwa muuguzi, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na mtu mkaidi ambaye alikuwa amepanda migomba katikati ya mawe ya Mwanza kwa sababu tu aliambiwa haitaota. Iliota. Lakini migomba inataka samadi, kwa hiyo akafanya kama wanavyofanya kwetu Kagera: akafuga ng'ombe mmoja, akamfunga nyuma ya nyumba, akamlisha maganda ya ndizi. Ng'ombe huyo alikufa baada ya kuzaa, mimi nikiwa likizo ya kidato cha pili, na ndama akabaki mikononi mwangu. Nilimnyonyesha kwa chupa ya soda. Nilimlaza jikoni karibu na mafiga kwa kuwa alikuwa anatetemeka, na alipoacha kutetemeka hakuna aliyekumbuka kumtoa. Tukamwita Waziri, kwa sababu aliingia bila hodi na akahudumiwa kabla ya kila mtu.

Mwaka huo ninaousema Waziri alikuwa ameshakuwa maksai kijana, ameshahasiwa, kifua kipana, pembe zimeanza kujikunja, na bado anaamini kwamba yeye ni mmoja wetu. Akisikia kisu kinamenya ndizi anakata kamba. Akifungwa peke yake analia mchana kutwa, mpaka majirani wakatuuliza kama tuna msiba. Siku ya mazoezi ya kwaya nyumbani kwetu aliingia mlangoni katikati ya sauti ya tatu, akapita kati ya waimbaji akielekea kwenye beseni la maganda, na mzee wa kanisa aliyekuwa amesimama njiani akabanwa ukutani mpaka pumzi ikamkata. Mbavu zilimuuma mwezi mzima. Shangazi hakupiga kelele, na ndipo nilipoogopa. Alikusanya vikombe, akaniambia, "Samaki mkunje angali mbichi, Adventina. Huyu tumechelewa. Jumatatu namwita mchinjaji." Nilibishana naye nikaishiwa maneno, nikakataa chakula cha jioni, jambo ambalo halijawahi kutokea tena maishani mwangu, na asubuhi akanijia na uji na habari aliyoisikia kwa mgonjwa wodini: Buhongwa kuna Msukuma anaitwa Ng'wandu, kazi yake ni kufunza maksai walioshindikana na kuwauza. "Apelekwe," akasema shangazi. "Akifundishika, auzwe alime. Akishindikana, mchinjaji amkute hukohuko. Ila hapa asirudi."

Hakukuwa na mtu mwingine ambaye Waziri angekubali kumfuata, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Tulipita Buswelu, tukapita Igoma, mimi mbele na kamba imelegea mkononi, yeye nyuma ananipumulia shingoni. Sijui kama naweza kueleza furaha ya safari ile. Nilikuwa msichana wa bweni, nimezoea kwenda kwa kengele na kurudi kwa kengele, na sasa natembea barabara kuu na mnyama mwenye pembe na watu wananipisha. Kila penye mama ntilie Waziri alisimama na kutaka kuingia jikoni. Mmoja alimpiga mwiko puani, naye akalamba mwiko. Kwa uhai wa huyu mnyama mpumbavu nilikuwa tayari kutembea mpaka Shinyanga.

Ng'wandu tulimkuta uani kwake amevaa koti refu la mvua, jua linawaka. Nilikuja kugundua kwamba alilivaa kila siku ya kazi kwa sababu alipenda linavyopepea nyuma yake anapokimbiza plau. Alikuwa mtu wa maneno mengi na aliyejipenda sana. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, nshomile," akajibu, maana alishasikia lafudhi yangu, na Wahaya hapa Mwanza hatuponi utani huo wa usomi. Akamzunguka Waziri, akambonyeza bega, akaniuliza amekulia kwenye kundi la ng'ombe wangapi. Nikamwambia amekua peke yake. "Peke yake na nani?" Nikamwambia peke yake na sisi. Akamwita binti yake kwa sauti: "Kabula, njoo umwone ng'ombe ambaye hajaambiwa kuwa ni ng'ombe." Kabula akaja, mrefu, anatafuna muwa, akamtazama Waziri, akanitazama mimi, akacheka. Nilimchukia palepale, na kabla ya jua kuzama nilikuwa nimeshampenda.

Ng'wandu akafunga koti lake. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," akasema. "Haya, mama amekwisha fika. Ulimwengu ndio mimi."

Nilitakiwa kurudi kesho yake. Asubuhi tulikuta uzio umelala chini na kichwa cha Waziri kimeingia dirishani kwetu, kimefika mpaka kwenye mto wa Kabula. Ng'wandu akasema basi nibaki kwanza, na shangazi alipopata habari akajibu kwamba mdomo uliopungua nyumbani ni afadhali. Chumba chetu kilitenganishwa na sebule kwa ukuta ambao haukufika juu, kwa hiyo kila kilichosemwa wakati wa chakula cha wakubwa tulikisikia tukiwa kitandani. Chumba kilinukia moshi, karanga mbichi na mafuta ya nywele ya Kabula. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, vigumu mpaka unayaonea huruma meno. Mchana ugali na mlenda au dagaa. Jioni maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Wiki ya kwanza niliota ndizi. Wiki zilizofuata nilikuwa naamka kabla ya kila mtu, nikiwa na hamu ya kazi, na mikono yangu ilinuka ngozi na kamba nami nikaipenda harufu hiyo kuliko sabuni. Wengine wanasema ujana wao uliwapita hawakuuona. Mimi wangu niliuona kwa macho yangu, Buhongwa, kwenye shamba la pamba la mwaka uliopita, saa moja asubuhi.

Maksai hafundishwi na mtu, hufundishwa na maksai. Ng'wandu alikuwa na ng'ombe mzee aliyeitwa Babu, mweusi, mzito, aliyekwisha fundisha vijana wengi kuliko mwalimu wangu wa hesabu. Mwanafunzi anafungwa nira pamoja na Babu, wanavutishwa gogo kwanza, halafu plau. Akikimbia, Babu anasimama. Akisimama, Babu anakwenda. Mwishoni kijana anachoka kuumia shingo na anajifunza mwendo. Lakini Waziri hakukimbia wala hakusimama. Siku ya kwanza walipomwekea nira alilala chini. Walimpigia mbinja, wakamkunja mkia, wakamtia maji sikioni, Ng'wandu akapiga mjeledi hewani mpaka koti likapepea vizuri kabisa, na Waziri akaendelea kucheua huku ananitafuta kwa macho. Babu alisimama na nira imemvuta shingo upande, akivumilia. Ilikuwa hivyo siku baada ya siku, mpaka Ng'wandu, akiwa amelowa jasho ndani ya koti, akaninyooshea kidole. "Wewe. Kaa mbele yake. Tembea." Nikasimama mbele, nikatembea. Nyuma yangu nikasikia mnyororo unakaza, na udongo unapasuka.

Tulilima mstari mzima. Tukageuka, tukalima mwingine. Nililia na kucheka kwa pamoja na sikuthubutu kugeuka nyuma. Watu wa barabara ya Shinyanga walisimama kututazama, na Kabula akaanza kuimba ule wimbo wao wa kulima, akiingiza jina la Waziri penye nafasi. Kwa majuma kadhaa hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, tukilimia mashamba ya majirani, mimi mbele, Ng'wandu kwenye plau, Kabula pembeni, na nilivimba kichwa kwelikweli. Matokeo ya mtihani yangekuja siku hizo nisingeyafungua.

Kisha jioni moja, tukiwa tumelala na tumbo limejaa, nikasikia kupitia juu ya ukuta Ng'wandu akimwambia mkewe, "Yule ng'ombe halimi." Mkewe akauliza nani analima basi, maana mashamba yanaonekana yamelimwa. "Anamfuata yule binti," Ng'wandu akasema, "na plau inafuata nyuma. Nani atanunua ng'ombe pamoja na Mhaya?" Wakacheka wote wawili. Nami kidogo nicheke. Halafu sauti yake ikashuka. "Wanunuzi wakija mwezi ujao akiwa hivi, namwita mchinjaji. Nilimwahidi shangazi yake." Kabula alikuwa macho pia. Alinishika mkono chini ya shuka.

Kesho yake tulianza na ujanja wetu wenyewe. Kabula akavaa gauni langu na kitambaa changu cha kichwa, akasimama mbele ya nira, akatembea kwa mwendo wangu, ambao kwa maoni yake ni wa bata. Mimi nilijificha nyuma ya ghala. Waziri akamnusa Kabula toka mguuni hadi kwapani kwa adabu zote, akalala chini. Ng'wandu akaniita, akakaa juu ya gogo, na kwa mara ya kwanza akavua lile koti. "Nyie kwenu ng'ombe ni wa migomba," akasema. "Kwetu ng'ombe ni wa ng'ombe wenzake. Huyu hana mwenzake ila wewe. Kuanzia leo anakula na Babu, analala na Babu, anakunywa na Babu. Wewe usimpe hata ganda. Usimguse. Usimsemeshe. Ukipita, pita."

Nilimwambia ana roho ya jiwe. Nilimwambia mengi, nikiwa nimesimama na yeye amekaa, kinyume cha malezi yote niliyopewa, na Kabula akafunika mdomo kwa mkono. Ng'wandu alisubiri nimalize. "Unampenda?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi mnyime."

Watu wengi nimewaeleza sehemu hii na wanatikisa kichwa kwa huruma, lakini wananielewa vibaya. Ndiyo, siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Waziri alisimama kwenye uzio akilia kuelekea nyumbani, nami nimekaa ndani nabambua karanga, Kabula amenikalia upindo wa gauni ili nisitoke. Niliyatupa maganda ya karanga motoni kwa hasira. Ila chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, msisimko wa mtu anayecheza mchezo mkubwa na anajua anachokichezea. Kila asubuhi nilichungulia kupitia tundu la mlango. Na asubuhi moja hapakuwa na kilio. Nikachungulia, nikamwona Waziri amesimama ubavu kwa ubavu na Babu, anamlamba shingo pale nira inapochubua, taratibu, kwa makini, na Babu amefumba macho. Niliruka nikamwamsha Kabula kwa kumvuta miguu. Nilifurahi, na niliona wivu, vyote viwili, na sikuona sababu ya kuchagua kimoja.

Baada ya hapo alilima. Alilima na Kabula, akalima na jirani, akalima bila mtu mbele. Lakini wanunuzi walipokuja hawakumpenda. Alitaka kumnusa kila mtu. Mmoja kutoka Misungwi alimpigia mjeledi karibu na sikio, Waziri akageuka akamtazama kwa upole, na yule bwana akasema ng'ombe asiyeogopa mjeledi ni nyama tu. Wengine wakakubaliana naye, wakaondoka. Ng'wandu alikunja koti lake mkononi, jioni hakula vizuri, na mimi nilijua neno linalofuata ni lipi.

Ndipo akaja Mama Bwire. Alikuwa Mkerewe wa Nansio, kule kisiwani, mfanyabiashara wa dagaa, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini za mitumbwi. Alikuwa na mkokoteni wa kubebea dagaa toka mwaloni, mitumbwi inaposhusha, na maksai wawili wa kuuvuta, na mmoja wao alishtushwa na kelele za wavuvi, akakurupuka na mkokoteni kati ya akina mama waliokuwa wameanika, akavunjika mguu. Alibaki na mmoja aliyekaa bila kazi. "Mimi sihitaji wa kulima," akasema. "Nahitaji asiyeogopa watu." Mimi na Kabula tuliyasikia hayo tukiwa ndani, tumekumbatiana. Mama Bwire akaomba debe tupu na rungu. Akalipiga lile debe sikioni kwa Waziri kwa nguvu zake zote, kuku wakatawanyika, mbwa akaingia uvunguni. Waziri akaingiza pua ndani ya debe kutafuta maganda. Mama Bwire akacheka mpaka akaketi chini. "Alilelewa wapi huyu?" Ng'wandu akatupa macho kwenye dirisha letu, akajibu, "Jikoni."

Walikubaliana, ila kwa sharti: Mama Bwire angelipa Waziri akishapanda meli, kwa kuwa aliwahi kununua ng'ombe akagoma gatini na wakakaa siku nzima wanamsukuma. Basi tukateremka mjini sote, Ng'wandu na koti lake, Babu wa kumtuliza njiani, mimi na Kabula tukifuata kwa mbali sana. Bandarini palikuwa na pilikapilika za meli inayotaka kuondoka, magunia, magodoro, wachukuzi wanaopiga kelele. Sisi tulijibanza nyuma ya rundo la magunia ya vitunguu, hatua chache kutoka penye kupandia. Waziri alikwenda vizuri mpaka kwenye daraja la chuma la kupandia. Kwato zikagonga chuma, kikalia, akasita. Akatazama kushoto na kulia. Halafu, mbele ya abiria wote wa Ukerewe, akalala chini.

Honi ikapigwa. Watu wakaanza kulaani. Mama Bwire akashika kiuno. "Si nilisema," akasema. "Mwanangu Ng'wandu, mimi huyu simchukui." Nilijua, na Kabula alijua, kwamba nikitoka nyuma ya magunia na kutembea mbele yake atasimama na kunifuata hadi ndani ya meli. Ningekuwa nimemwokoa mpaka Nansio. Na kesho yake, mwaloni, akilala tena, nani angemwinua? Nilikuwa nimeshanyanyua mguu. Kabula hakunishika. Alinitazama tu, nami nikaurudisha mguu chini, nikauma upindo wa kanga. Ng'wandu naye alitazama upande wetu mara moja, akageuka, akamfungua Babu, akamwongoza kwenye daraja bila kusema neno kwa Waziri, bila hata kumtazama. Babu alipita, kwato zake nzito zikigonga chuma polepole, akaingia melini. Waziri akainua kichwa. Akalia mara moja. Halafu akainuka, nyuma kwanza, kama ng'ombe wote wanavyoinuka.

Hapo hapo wachukuzi wakafika kwenye rundo letu na kuanza kubeba magunia, na ghafla mimi na Kabula tukawa tumesimama peupe. Waziri alipita karibu yangu kiasi kwamba ningeweza kumgusa sikio. Pua yake ilipanuka. Alinisikia, hilo naapa mpaka leo, na Kabula ndiye anayebisha. Sikio moja likageuka upande wangu. Miguu haikugeuka. Akamfuata Babu juu ya chuma, hatua kwa hatua, akaingia, na watu wakashangilia utadhani meli imezinduliwa. Ng'wandu ikambidi asafiri na Babu hadi Nansio ili kumfikisha, hana mzigo wala chakula, koti linapepea, ananung'unika kwa Kisukuma.

Nilikuwa naruka pale gatini, machozi yananitiririka, nimemkumbatia Kabula. Mama Bwire, aliyekuwa wa mwisho kupanda, akasimama akinikazia macho.

"Binti, wewe ni nani kwa huyu ng'ombe?"

Nikajifuta uso kwa kanga.

"Si mtu wake, mama," nikamwambia. "Nimekuja kusindikiza tu."